Upande wa Kushoto wa Karatasi

Nyakato, Musoma
11 Februari 2024

Baba Lilian,

Usishtuke kuona mwandiko umelala. Mkono ninaoandikia haukuguswa. Uliopigwa na kiharusi ni wa kushoto, pamoja na mguu wake. Mguu unaamka kidogo kidogo, lakini mkono bado uko kama wa mtu mwingine aliyeusahau mapajani kwangu.

Lilian alitaka nikupigie simu, nikakataa. Nikupigie usikie nini? Kwa masikio yako hayo utasema "eeh, eeh" mpaka mwisho, halafu uwatangazie watu mambo ambayo sikusema. Si mwanetu Jastin alikupigia toka hospitali akakuambia nimekula uji, ukasikia nimekufa juzi, ukalia mpaka majirani wakajaa uani? Hapana. Turudi kwenye barua, kama zamani ulipokuwaga unafundisha Nyamuswa na mimi niko Butiama kwa mama yako. Pastory wa gari la Butiama amekubali kuwa posta yetu.

Binti yetu ananitunza. Ananiogesha, ananifanyisha mazoezi, jioni ananitoa barazani nipate upepo wa ziwa. Jambo moja tu, na usimwambie: chakula ananipa kidogo. Ananiletea ugali na sato, nakula, sahani inaisha, na tumbo bado linadai. Sitaki kuomba. Ana nyumba yake ya kulisha.

Sasa kuna jipya. Kliniki wanataka kunipima akili. Sio wazimu, wanasema wanaangalia kumbukumbu na jinsi kichwa kinavyofanya kazi baada ya kiharusi. Atakayenipima anaitwa Dorah, msichana mpole, anaongea taratibu. Itakuwa Jumatano ya wiki ijayo. Mimi tangu nimalize darasa la saba sijakalia mtihani, kwa hiyo naogopa, nacheka tu mbele ya watoto.

Nijibu haya. Ng'ombe mwekundu amezaa? Mihogo ya bondeni umeanika, au umeiacha inaoza? Na wewe, unalala? Usiniandikie "salama tu" kama unavyowajibuga watu kanisani. Nijibu kweli.

Ni mimi,
Dafroza, Mama Lilian


Butiama
15 Februari 2024

Mama Lilian wangu,

Barua yako nimeipokea jana, nikaisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Nimeona ulivyoitumia karatasi. Umeandika nusu ya kulia tu, kuanzia katikati hadi ukingoni, mbele na nyuma, na nusu yote ya kushoto umeiacha nyeupe. Mwanzoni nilijiuliza, huyu mwanamke ana nini? Halafu nikacheka peke yangu. Nikakumbuka enzi za Nyamuswa, karatasi zilipokuwa adimu, ulikuwa unaandika juu na kuniachia chini nijibu humohumo. Basi nimekuelewa. Nakujibu kwenye nafasi uliyoniachia, ili maneno yangu na yako yakae ukurasa mmoja.

Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Nimekataa kumpa jina mpaka urudi. Mihogo nimeanika, mvua ikainyeshea sehemu, iliyobaki ni mizuri.

Kulala, hapana. Umesema nijibu kweli. Kitanda nakilalia upande wangu tu, upande wako nimeuacha na shuka lake. Nikisinzia nashtuka, nanyoosha mkono, nakuta baridi. Mimi ni mtu niliyezoea kimya kwa sababu ya masikio haya, lakini sikujua kwamba kumbe nilikuwa sikai kimya. Nilikuwa nakaa na wewe. Nikikuona unapita uani na ndoo, nilikuwa nasikia kila kitu. Sasa ndiyo nimekuwa kiziwi.

Haya sijawahi kukuambia hata tulipokuwa vijana. Mwalimu mzima, nilikuwa naona haya.

Nataka kuja Musoma nikae nawe mpaka upate nguvu. Nyamburi, mtoto wa jirani, ataangalia ng'ombe. Lakini sitaki kujaza nyumba ya Lilian kama wewe hutaki. Niambie neno moja tu, "njoo", nami nitakuja.

Wako,
Kasmiri


Nyakato, Musoma
25 Februari 2024

Baba Lilian,

Gari la Pastory lilikuwa gereji, kwa hiyo bahasha yako nimeipata Ijumaa. Aliileta mwenyewe hadi mlangoni. Nikaingia nayo chumbani nisome peke yangu, nimefurahi kama msichana.

Ndani nikakuta barua yangu. Barua yangu mwenyewe, umeikunja vizuri ukanirudishia. Nikageuza nyuma, mwandiko wangu. Nikakung'uta bahasha nikidhani kuna karatasi nyingine imenasa. Hamna. Hata salamu hukuweka.

Lilian sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba baba yako amenirudisha kama mzigo uliokosewa anwani?

Nikakaa nikawaza, nikafikiri nimeelewa. Jastin atakuwa amefika kwako na habari za mtihani. Basi acha nikusimulie mwenyewe, usisikie kwa watu.

Dorah aliniwekea karatasi pana imejaa nyota kubwa, nyota ndogo na herufi, zimemwagwa kila mahali. Akasema, "Mama, kata nyota ndogo zote kwa kalamu." Nikakata. Nikamwambia nimemaliza.

"Zote, mama?"

"Zote."

Akaandika kitu, akaleta nyingine, picha zimepangwa kwa mistari. Nitazame, afunike, nitaje. Nikataja nilizoziona. Halafu akawa anasema neno na mimi nionyeshe picha yake. Akasema jembe. Mbele yangu kuna kikombe na kuku. Nikamwambia, "Hapa jembe hamna, mwanangu." Akasema nitafute tena. Nikaona ananitega, nikakasirika. Mwisho nikachora saa, na namba zikabanana upande mmoja, sijui kwa nini, zilikataa kukaa.

Daktari akahesabu. Akawaambia watoto mbele yangu, kama vile mimi nimebaki nyumbani: "Uwezo wa akili wa mama umeshuka sana. Hawezi kuishi bila msimamizi."

Tulipotoka nje Jastin akasema, "Baba hasikii, mama hakumbuki. Hawa wawili hawawezi kukaa peke yao Butiama." Anataka mimi nibaki kwa Lilian moja kwa moja, wewe uende kwake Bunda, nyumba ipangishwe. Lilian alilia tu. Mimi nilijiuliza, je, kama ni kweli? Mtu aliyepoteza akili atajuaje kama imepotea?

Kama umekubaliana nao, niambie mwenyewe, kwa mkono wako. Usinirudishie karatasi.

Dafroza


Butiama
28 Februari 2024

Mwanangu Lilian,

Barua hii ni yako peke yako. Nimemwomba Pastory akuletee kazini kwako Iringo, mama yako asiione.

Jastin alikuja na majibu ya kliniki nikamfukuza kwa maneno makali. Nilimwambia mama yenu ana akili kutuzidi sote, na anayepinga aje tupange mbegu za msimu bila yeye tuone tutavuna nini. Aliondoka amenuna.

Leo sijui tena. Mama yako aliniandikia, nami nikamjibu kwa kirefu. Nilimwandikia habari za ndama, na mengine ambayo mtoto hahitaji kuyajua. Nilimwuliza swali, na jibu lake nililingoja kila gari lilipopita. Leo nimepata barua yake. Anasema sikumwandikia chochote. Anasema bahasha ilikuwa na barua yake tu.

Lilian, barua ile niliiandika. Niliifunga mimi mwenyewe. Ina maana aliisoma ikapotea kichwani, yote, hata asikumbuke kwamba iliwahi kuwepo. Nimewafundisha watoto wa kila aina, nimeona wanaosahau na wanaojifanya wamesahau, lakini hili limenikalisha chini. Basi yule daktari alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekuwa nampenda mama yako mpaka sioni.

Mwambie Jastin sina ugomvi tena. Kama kukaa hapo kwako kutamlinda, akae. Nitaenda Bunda. Ng'ombe nitatafuta mtu wa kuwachukua.

Ila msimwambie kwamba nimekubali. Mwambieni baba anakarabati nyumba, itachukua muda. Mimi nitamwandikia kila wiki. Akisahau, nitaandika tena.

Baba yako,
Kasmiri


Nyakato, Musoma
3 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Ng'ombe usiuze, na Bunda usiende. Soma barua hii mpaka mwisho kabla hujafanya jambo lolote.

Barua yako nilikuwa nayo kwenye mkoba, sijui nianzie wapi, Ijumaa Dorah akanipigia. Alisema karatasi za mama zilikuwa zinamsumbua tangu siku ile. Kwenye ripoti huhesabiwa alama tu, zilizopatikana na zilizokoswa. Yeye akazirudia akiangalia mama amekosea *wapi*. Akakuta nyota zote alizokata ziko kulia. Upande wa kushoto hakukata hata moja. Picha alizotaja, za kulia. Jembe lilikuwa limechorwa mwanzo wa mstari, kushoto kabisa. Kila jibu lililokuwa kushoto mama amelikosa, na yale ya mwisho, kulia, ameyapata yote.

"Dada Lilian," akaniambia, "mtu aliyepoteza kumbukumbu hasahau upande mmoja. Naomba nije nimpime tena."

Jana akaja nyumbani. Picha zilikuwa zilezile, ila alizikata moja moja akazibandika upya, kubwa kubwa, chache kwa kila karatasi, zimeshuka kama ngazi kutoka juu kwenda chini. Kushoto hakuweka kitu.

"Mama, nionyeshe jembe."

"Si hili hapa," mama akasema. "Leo umelileta."

Akaonyesha zote, Baba. Dorah akafunika, akamwuliza alichokiona, mama akataja karibu vyote. Kisha akamsimulia kwa mdomo, bila karatasi, hadithi ya mwanamke anayepeleka pamba Bunda akanyeshewa njiani. Wakaongea mambo mengine, wakanywa chai, halafu akamwambia airudie. Mama akairudia yote, mwishoni akaongeza, "Lakini huyo naye, mawingu aliyaona, kwa nini asifunike pamba yake?" Dorah alicheka hadi akaweka kikombe chini.

Nakuandikia alivyonieleza, kwa maneno yake: "Macho ya mama ni mazima. Kiharusi kilipiga upande wa kulia wa ubongo, na ubongo umeacha kujishughulisha na upande wake wa kushoto. Na yeye mwenyewe hajui kwamba kuna kitu hakioni. Sasa sisi tukampa karatasi zilizotawanya majibu kushoto na kulia. Tulidhani tunapima kumbukumbu, kumbe tulipima mpangilio wa karatasi." Amesema pia kwamba si kila kitu kiko sawa. Mama anachoka upesi, na akichoka anachanganya. "Lakini mtu aliyeandikwa kwenye ile ripoti siye huyu." Daktari amekwisha kuambiwa, amekubali apimwe upya kliniki.

Kabla hajaondoka akamwuliza mama anakulaje. Mama akaniangalia, akaangalia chini, akasema, "Ananipunja kidogo." Baba, nusura nizame. Mimi ambaye kila siku namwaga ugali unaobaki kwenye sahani yake nikidhani hana hamu! Dorah akasema lete chakula. Mama akala, akasukuma sahani: "Nimemaliza." Nusu ya ugali iko palepale kushoto. Dorah akaizungusha sahani.

Mama akaugusa ugali kwa kidole. Halafu akauliza, "Huu umetoka wapi?"

Hapo ndipo nikakumbuka barua yako. Nikamwomba anionyeshe ile uliyomrudishia. Alikuwa ameificha ndani ya Biblia. Akaitoa analia, anasema nisikuchukie. Nikaifungua, na mwandiko wako umejaa kushoto kote, juu mpaka chini, mbele na nyuma.

Nikampa Dorah. Yeye akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari ukingoni kabisa mwa kushoto, akamwekea mama mbele. "Mama, usianze kusoma mpaka uuone mstari mwekundu. Geuza kichwa. Bado. Geuza tena."

Mama akageuza kichwa polepole, kama anayechungulia nyuma ya mlango. Akauona. Akaweka kidole juu yake. Akaanza kusoma kwa sauti, "Barua yako nimeipokea jana, nikaisoma nimesimama..." Akafika mahali akakoma. Akatuambia tutoke nje, wote wawili.

Tukatoka. Amekaa humo mpaka chai imepoa.

Binti yako,
Lilian


Nyakato, Musoma
5 Machi 2024

Baba Lilian,

Njoo.

Hilo ndilo jibu, nimeliweka mbele lisije likapotea. Mistari yangu leo imepinda kwa sababu kila ninapoanza mmoja nautafuta kwanza ule mwekundu niliochorewa. Nachelewa. Lakini ona, nimeanzia mwanzo wa karatasi.

Nimeisoma barua yako. Mambo uliyoandika nitakujibu ukiwa mbele yangu, sio kwa karatasi. Ila umenichelewesha, mwalimu. Miaka yote hii nilikuwa nadhani ukinitazama nikipita na ndoo unahesabu maji.

Nikueleze hali yangu ilivyo, usije ukatarajia Dafroza wa mwaka jana. Sio giza. Giza ningeliona, ningesema hapa pana giza. Ni kama upande huo Mungu hakuuumba. Asubuhi navaa khanga nadhani nimefunga vizuri, kumbe kushoto inaburura. Lilian akiniita toka kushoto nasikia sauti nageukia kulia kumtafuta. Dorah ananifundisha kugeuza kichwa kwa kusudi, na mimi nakasirika, kwa sababu naambiwa nitafute kitu ambacho moyo wangu wote unasema hakipo. Juzi nilimrushia karatasi zake. Aliokota akasema, "Tupumzike, mama." Ana subira yule mtoto.

Najua pia ulikubali niachwe huku. Lilian hakusema, nilimwona usoni alipojikwaa kwenye habari za kukarabati nyumba. Sikulaumu. Uliandika barua ya moyo wako wote ukajibiwa haijaandikwa. Na mimi nilikuwa nimeshakuzika kwa hasira humu chumbani. Tumekosana bila mtu kukosea.

Ukija lete michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Na uje kwa upande wangu wa kulia.

Mama Lilian


Nyakato, Musoma
24 Machi 2024

Mwanangu Jastin,

Nipo hapa kwa dada yako wiki ya tatu sasa, na mama yako amepimwa tena kliniki. Lilian amekutumia majibu. Umemwambia dada yako kwenye simu kwamba karatasi zikibadilishwa mpaka mtu apate, huo si mtihani. Nimelifikiria neno lako, maana nami nimetunga mitihani. Ukimpa mtoto swali lililofichwa nyuma ya ubao, akakosa, umempima nini? Hawakumrahisishia maswali. Waliyaweka mahali anapoweza kuyaona.

Lakini sikuandiki kukushinda. Nilikutolea maneno mabaya ulipokuja Butiama, na hofu uliyokuwa nayo ilikuwa ya haki. Nikuambie kilichotokea Alhamisi. Tulitoka kutembea Iringo, mimi na yeye. Tunavuka barabara, bodaboda inatoka kushoto. Mimi sikuisikia. Yeye hakuiona. Nilihisi tu upepo nikamvuta kanga, na usukani wa pikipiki ukapita hapa, karibu na kiwiko chake. Tulikaa kwenye kibaraza cha duka, mama yako akasema, "Leo Jastin angetuona." Kwa hiyo sikudanganyi kwamba amepona, wala mimi sikupata masikio mapya.

Hata kukaa kumetupa kazi. Nikikaa kulia kwake ananiona, ila sikio langu zuri linakuwa upande wa pili. Nikihamia kushoto namsikia, yeye anauliza nimekwenda wapi. Tumehangaika na viti mpaka Lilian akacheka. Sasa tunakaa tukitazamana, magoti yanagusana, kama watu wanaopatana bei.

Hatuwezi kuvuka barabara kubwa peke yetu. Hawezi kupika kwenye mafiga, moto wa kushoto utamla. Hayo tumekubali. Lakini asubuhi ananiuliza kama nimetuma watu wapande mtama ule mfupi, anakumbuka jamvi la nani tuliazima kwenye msiba wa mwaka juzi, anakumbuka siku uliyozaliwa mvua ilivyovunja daraja. Huyo si mtu wa kuwekwa pembeni. Anaomba arudi kwake. Mimi naomba arudi kwangu.

Njoo Butiama wakati wa Pasaka. Njoo na nyundo. Kuna nguzo ya kushikilia kwenye ngazi ya jikoni, kuna jiko la kuinuliwa na kuhamishiwa kulia, kuna lango la kupakwa rangi kali asiligonge. Hatukuombi utusimamie, mwanangu. Tunaomba utusaidie kukaa.

Baba yako,
Kasmiri


Butiama
16 Juni 2024

Lilian mwanangu,

Hujambo na watoto? Sisi tupo. Baba yako anakusalimu, amekwenda kumtoa ndama kwenye mtama wa watu.

Jastin alikaa hapa karibu juma zima. Alipiga misumari bila kuongea. Siku ya kuondoka akaketi mbele yangu, akahama akaketi kulia, akahama tena hajui akae wapi, nikamwambia kaa popote, nitakutafuta. Akaniinamia mapajani kama alipokuwa mdogo.

Si kila siku ni njema. Nina alama begani nilipogonga mlango wa stoo, ule ambao haukupakwa rangi. Na baba yako naye alinichosha. Kila nikila anazungusha sahani, kila nikisimama ananishika kiwiko, mpaka nikamwambia, "Kasmiri, mimi sio yai." Akanuna siku nzima. Kesho yake akaacha, ila namwona anavyojizuia, mikono ameifunga nyuma kama yuko gwaride.

Leo ndio nataka kukusimulia. Unajua kanisani kwetu kigangoni nilikuwaga nasoma somo la kwanza tangu wewe hujazaliwa. Katekista Stanslaus alikuja kuniuliza kwa aibu kama bado nitaweza, au ampe Miriamu. Nikasema nitasoma. Baba yako akakaa mezani akaninakilia somo lote kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa, mistari mifupi mifupi imeshuka katikati ya karatasi.

Nimefika mbele, naikuta Biblia kubwa ya kigango imeshafunguliwa, ile yenye safu mbili kila ukurasa, na watu wote wananiangalia. Nikaona haya kutoa karatasi mfukoni kama mtoto anayeibia. Nikasema nitasoma humohumo.

Nikaanza. Nikasoma mstari, nikasoma wa pili, na maneno hayaungani. Nilikuwa nimedakia katikati ya habari, safu ya kulia, na somo lenyewe lilikuwa kwenye ile nyingine. Nikasikia benchi zinalia. Mtu mmoja nyuma akaguna, nikajua ni guno la "masikini". Lilian, miguu ilitaka kunirudisha kukaa. Nikamwona Miriamu amenyanyuka nusu, anataka kuja kunipokea.

Nikasema kwa sauti, "Nisubirini kidogo. Bado sijafika mwanzo."

Nikaweka mkono wa kulia kwenye meza, nikausogeza polepole hadi ukaishika pembe ya mwisho. Nikageuza kichwa kuufuata. Moyo unasema hamna kitu huko, nami nageuza. Nikaikuta safu nzima imekaa inaningoja. Karatasi ya baba yako nikaitoa nikailaza juu yake, kwa sababu herufi zake ni kubwa na sikuona haya tena. Nikasoma mpaka mwisho, taratibu, mara mbili nikipotea na kurudi. Nilipomaliza Stanslaus alisahau kuanzisha wimbo.

Tumerudi nyumbani kwa miguu, njia ya nyuma isiyo na magari. Tukafika kwenye mti wa msonobari na baba yako. Nikamgeukia nikamwuliza kwa mdomo mkubwa aone, "Nilisomaje?"

Akasema, "Sikusikia hata neno moja. Lakini niliwaangalia watu. Hakuna aliyekohoa."

Mama yako,
Dafroza